Swala ya Mwenye Mpira wa Mkojo
Likizoni kwetu Nkungu, Rusizi, nilimkuta mjomba ameacha kuswali. "Nimebeba najisi," aliniambia. Nyama nyuma ya tumbo zilikakamaa kama kovu, zikabana mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo. Madaktari waliikwamua kwa upasuaji, akarudi na mpira wa mkojo.

Ndugu zangu, wanazuoni wamemlinganisha asiyezuia mkojo na mwanamke wa istihadha. Mtume (s.a.w.) alimwamuru Fatima binti Abi Hubaysh atawadhe kwa kila swala. Katika madhehebu ya Shafii, wakati ukishaingia atajisafisha, atamwaga mkojo wa mfukoni, atatawadha na kuswali faradhi moja bila kuchelewa. Kinachoendelea kutoka hakimharibii swala.

Adhuhuri ile mjomba aliswali, ameketi. Udhuru hupunguza masharti, hauondoi swala.