Maiki Ilikuwa Wazi

Leo nawaletea jambo dogo la kitufe cha maiki kwenye gemu. Dogo, ila lilinipeleka hadi kwenye kitubio.

Juni nilikuwa likizo nyumbani, Sumbawanga. Mnaotoka Ufipa mnaijua baridi ya mwezi huo, saa mbili usiku kila mtu yuko ndani ya blanketi. Nilikuwa nacheza Free Fire na binamu yangu wa Mpanda na vijana wengine wawili, kikosi cha watu wanne. Mmoja ni mtoto wa jirani yetu, anasoma chuo Mbeya. Tunacheka, tunaelekezana adui yuko wapi.

Mama akaingia, akakaa kitandani. Akaanza kunisimulia kwamba jirani ameuza maksai wake wawili apate ada, na kijana wake hajamwambia, asije akaacha chuo kwa huruma. Mimi naitikia "ndiyo mama", macho kwenye simu.

Ghafla kikosi kikawa kimya. Yule kijana hakusema neno. Baada ya muda akatoka mchezoni.

Usiku ule nilijitetea kifalsafa (ndio ugonjwa wetu mafrateri). Mtakatifu Thomasi anatenganisha kumtukana mtu usoni na kumsengenya akiwa hayupo. Mimi sikufanya lolote kati ya hayo. Mama naye alikuwa anaongea na mwanae chumbani. Basi kosa la nani? Lakini Thomasi huyohuyo anauweka uzembe kati ya dhambi zinazopingana na busara. Hapo nikanyamaza. Katekisimu nayo, namba 2489, inatukumbusha kuwa kuheshimu faragha ya mtu ni sababu ya kutosha ya kunyamazia jambo. Siri ile ilikuwa ya mzee. Nani amwambie mwanae, na lini, lilikuwa juu yake. Nikamnyang'anya kwa kidole ambacho hakikubonyeza.

Yoshua bin Sira 28:25, kitabu ambacho wengi tunakiruka, anatutaka tuwe na mlango na komeo kinywani. Zamani nilidhani anasema habari za kinywa changu tu. Siku hizi chumba kizima kina kinywa: mama, mtoto anayelia, baba anayegombana na mtu wa deni. Wote wanasikika kwa watu watatu ambao hawawaoni. Ndiyo maana sasa nacheza maiki ikiwa imezimwa, naifungua nikiwa na la kusema. Wenzangu bado nawasikia, sipotezi kitu. Kumzima mwingine anayeporomosha matusi ni sawa pia, hiyo si chuki. Ila kumzima mdogo kwa sababu hajui kucheza, hapana jamani, huo ni ubaguzi mdogo mdogo.

Padre aliyeniungamisha aliniambia niende kwanza kwa mzee. Nilimkuta anapukuchua mahindi. Nikamweleza yote nimechuchumaa.

"Alisemaje?" akauliza.

"Hakusema kitu, baba."

Akaendelea kupukuchua. "Chukua gunzi hapo, frateri, usikae bure."

Jumamosi iliyofuata kijana alishuka kwenye basi la Mbeya bila kumwambia mtu. Jioni niliwaona uani wawili, wanapukuchua. Sikwenda kuwasalimia. Nilifunga dirisha.