Kipimo Kinaposema Hakuna Malaria

Swali lililoletwa na msomaji wa Mbagala, wilayani Temeke, ni hili: mtoto wa miaka minne amechemka mwili kwa siku mbili, kipimo cha haraka katika zahanati kimeonyesha kuwa hana malaria, na mhudumu amemruhusu kurudi nyumbani na parasetamoli peke yake, je, kipimo hicho hakiwezi kuwa kimekosea, na je, si salama zaidi kumpa dawa mseto ili kuuwahi ugonjwa?

Yaelekea sana kwamba kipimo hakikukosea, na dawa mseto isitolewe. Lakini hofu iliyomo katika swali hili inastahili kujibiwa kwa heshima, kwa sababu haikuzuka nyumbani. Kwa miongo mingi wataalamu wa afya wenyewe waliwafundisha wazazi kuwa kila homa ya mtoto ihesabiwe malaria, na mafundisho hayo yalikuwa ya busara kwa wakati wake, kwa kuwa hadubini zilikuwa chache, klorokwini ilipatikana kwa urahisi, na malaria kali iliweza kumwua mtoto mdogo kabla wazazi hawajapata nauli ya kufika hospitali. Baadaye mambo yaligeuka. Klorokwini ilishindwa na vimelea sugu, ikaondolewa mwaka 2001. Dawa ya kundi la salfa iliyochukua nafasi yake ikaanza kushindwa pia, hata dawa mseto ya artemeta na lumefantrini ikaanza kutumika nchini kati ya mwisho wa 2006 na mwanzo wa 2007. Katika kipindi hicho hicho malaria ilipungua sana jijini Dar es Salaam, ambako tangu mwaka 2004 kulikuwa na mpango wa jiji wa kuua viluwiluwi vya mbu kwenye madimbwi na mitaro, mtaa kwa mtaa. Ugonjwa ulipungua, lakini katika mazungumzo ya kila siku neno homa na neno malaria yameendelea kupokezana nafasi kana kwamba ni kitu kimoja.

Kipimo cha haraka, ambacho watumishi wa afya hukiita mRDT, hakimtafuti mdudu mwenyewe bali kinatafuta protini ambayo kimelea kiitwacho Plasmodium falciparum, ndicho kisababishi cha sehemu kubwa kabisa ya malaria nchini Tanzania, huimwaga katika damu ya mgonjwa. Tone la damu ya kidoleni huwekwa kwenye kijishimo, likaongezewa matone ya maji maalumu, nalo husafiri polepole juu ya ukanda wenye kingamwili, yaani molekuli zilizoundwa kuinasa protini hiyo, na baada ya dakika 15 hadi 20 mstari huonekana mahali protini iliponaswa. Mstari ulio karibu na herufi C hauhusiani na ugonjwa, kwa kuwa kazi yake ni kuthibitisha tu kwamba kipimo ni kizima, na usipotokea majibu yote hutupwa na kipimo kurudiwa. Jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi ni kwamba kosa la kawaida la kipimo hiki huelekea upande mwingine kabisa: protini hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, hivyo mtoto aliyetibiwa malaria mwezi uliopita anaweza kuonyesha mstari ilhali homa ya leo imeletwa na kitu kingine. Kuikosa malaria ambayo tayari imemletea mtoto homa kali ni nadra zaidi, ingawa huweza kutokea vimelea vikiwa bado vichache mno, na ndiyo maana homa isiyoisha hupimwa tena.

Ikiwa si malaria, basi homa hiyo yatoka wapi? Swali hilo halihitaji kujibiwa kwa mifano ya Ulaya, kwani lilichunguzwa hapa hapa. Mwaka 2008 watafiti wa Tanzania na Uswisi, miongoni mwao Valérie D'Acremont na Mary Kilowoko, waliwachunguza watoto 1,005 wa chini ya miaka kumi waliofika kutibiwa kama wagonjwa wa nje wakiwa na joto la nyuzi 38 au zaidi, wengine Dar es Salaam na wengine Ifakara, na matokeo yakachapishwa Februari 2014 katika jarida la New England Journal of Medicine. Malaria ilikutwa kwa asilimia 10.5 tu ya watoto hao. Maambukizi ya njia ya hewa, kuanzia mafua ya kawaida hadi nimonia, yalikutwa kwa asilimia 62.2, na ukijumlisha magonjwa yote, asilimia 70.5 ya watoto walikuwa na ugonjwa wa virusi na asilimia 22 walikuwa na ugonjwa wa bakteria, hesabu hizo zikiingiliana kwa sababu baadhi ya watoto walikuwa na zaidi ya ugonjwa mmoja. Tofauti ya virusi na bakteria ndiyo inayoeleza parasetamoli ile iliyomshangaza mzazi wa Mbagala: bakteria ni kiumbe kamili chenye ukuta na mitambo yake, ambayo antibaiotiki huweza kuivunja, lakini kirusi huingia ndani ya seli za mwili na kutumia mitambo ya seli hizo, kwa hiyo antibaiotiki haina cha kukifanya, na mara nyingi kinga ya mtoto hukimaliza yenyewe kwa siku chache.

Utafiti huo una tarakimu nyingine mbili ambazo wakazi wa Tandale, Tegeta au Chamazi wangefaa kuzijua. Taifodi ilikutwa kwa asilimia 3.7 ya watoto, na maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo mitaani hujulikana kwa kifupi cha UTI, kwa asilimia 5.9. Ni vigumu kuzipatanisha tarakimu hizo na idadi ya wagonjwa wanaotoka maabara za mitaani wakiambiwa kuwa wana taifodi na UTI kwa pamoja. Inaonekana nafasi iliyoachwa wazi na malaria imejazwa na majina mapya. Tatizo moja liko katika kipimo cha Widal, ambacho hupima kingamwili dhidi ya bakteria wa taifodi, na kingamwili hizo zaweza kuwa zimebaki kutokana na ugonjwa wa zamani au kuchochewa na bakteria wa aina nyingine, ilhali uthibitisho hasa hupatikana kwa kuotesha damu maabara. Kila dozi ya antibaiotiki inayotolewa bila sababu huwapa bakteria nafasi ya kujenga usugu, na dawa mseto nayo haina kinga dhidi ya hatari hiyo, kwani vimelea vya malaria vyenye mabadiliko ya kijeni yanayopunguza makali ya artemisinini vimekwisha kuripotiwa Rwanda, Uganda na mkoani Kagera.

Miongoni mwa homa za virusi, mkazi wa Dar es Salaam hana budi kuijua dengue, ambayo kwa Kiswahili huitwa pia kidingapopo. Jina hilo ni la kale kuliko inavyodhaniwa: mwaka 1872 James Christie, daktari aliyefanya kazi Zanzibar, alichapisha maelezo ya mlipuko wa homa ambayo wenyeji waliiita kidinga pepo, na wapo wanaoamini kwamba neno dengue lenyewe limetokana na jina hilo la pwani. Madaktari wa leo wanashuku kuwa mlipuko ule huenda ulikuwa wa chikungunya, ugonjwa unaofanana na dengue, ambao ulielezwa kitabibu baada ya mlipuko wa 1952 na 1953 katika nyanda za Wamakonde, na ambao jina lake la Kimakonde humtaja mgonjwa aliyepindwa na maumivu ya viungo. Watu wa pwani walikuwa na jina la homa isiyo malaria kabla Alphonse Laveran hajakiona kimelea cha malaria mwaka 1880, na ujuzi huo ni wa kuthaminiwa. Dar es Salaam imepata milipuko ya dengue mwaka 2010, 2014 na 2019, na ule wa 2014 uliigusa sana Kinondoni. Mbu wake, Aedes aegypti, huuma mchana, hivyo chandarua cha usiku hakitoshi, na huzaliana katika maji yaliyotuama ndani ya ndoo, mapipa, matairi na simtanki zisizofunikwa, vyombo ambavyo nyumba isiyo na maji ya bomba ya uhakika haiwezi kuishi bila kuwa navyo.

Kwa mtoto huyo wa Mbagala, parasetamoli itolewe kwa kipimo kinacholingana na uzito wake, na homa kurudi baada ya saa nne hadi sita kusitafsiriwe kuwa matibabu yameshindwa, kwa kuwa dawa hiyo hushusha joto tu. Anyweshwe maji, uji au madafu mara kwa mara. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki ziepukwe, kwa sababu kama ni dengue huongeza hatari ya kutoka damu. Na ikumbukwe kwamba katika dengue kipindi cha hatari huanza homa inaposhuka, kati ya siku ya tatu na ya saba, hivyo maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo au damu kwenye fizi wakati mwili umepoa si dalili za kupona. Mtoto anayeshindwa kunywa au kunyonya, anayetapika kila kitu, anayepata degedege, anayelegea asiamke vizuri, au ambaye kifua chini ya mbavu kinabonyea anapopumua, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Dalili hizo zisipokuwapo na homa ikafika siku ya tatu, arudishwe zahanati apimwe malaria tena, na mhudumu aelezwe siku homa ilipoanza na kila dawa iliyokwisha kutolewa, ikiwamo ya kununuliwa dukani.