Hedifoni za Masikioni: Zikae Vizuri, Zisituharibie Usikivu

Majumbani mwetu vijana wengi husikiliza simu kwa hedifoni ndogo za kuingiza masikioni. Zikichaguliwa na kutumiwa vizuri hazina ubaya. Sisi wauguzi tunashauri mambo matatu.

Kwanza, zikae sawa. Nyingi huja na vifuniko laini vya mpira vya saizi tatu. Jaribu zote, huenda sikio la kulia likahitaji saizi tofauti na la kushoto. Kifuniko kikilegea, besi hupotea na kelele za nje huingia, nasi huongeza sauti bila kufikiri. Hapo ndipo hatari ilipo. Kikibana na kuuma, ni kikubwa mno.

Pili, sauti iwe ya kiasi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi asilimia 60 ya uwezo wa chombo. Mtu mzima aweza kusikiliza desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Zikifika 90, ni saa 4 tu. Chembe za kusikia zilizo ndani ya sikio zikifa hazioti tena. Masikio yakivuma baada ya kusikiliza, hilo ni onyo.

Tatu, usafi. Futeni vifuniko kwa kitambaa safi, wala msiazimane. Sikio likiuma au kutoa usaha, acheni hedifoni, nendeni kituo cha afya.

Wazazi, leo jioni kaeni na watoto mpunguze sauti pamoja. Na barabarani zivuliwe, honi isikike. Usikivu ni zawadi ya Mungu, tuutunze.