Chupa ya Mwanangu Kapewa Mtoto Mwingine

Shangazi, mwanangu ana miezi minne. Likizo ya uzazi imeisha, namwacha kituo cha kulelea watoto hapa Tabata. Jana jioni nimekuta begini mwake chupa isiyo yake, na dada anayewalea akakiri kuwa maziwa niliyokamua alipewa mtoto mwingine, na wangu huenda alikunywa ya mwenzake. Nataka kuandika majina kwenye kila kitu, lakini mama mkwe anasema nitaonekana naringa na dada atamchukia mtoto. Nifanyeje?
Mama Mwenye Wasiwasi, Dar es Salaam

Mwanangu, kwanza hili linalokunyima usingizi. Mtoto akinywa maziwa ya mama mwingine mara moja, uwezekano wa kuambukizwa ugonjwa ni mdogo sana, ila si jambo la kunyamazia. Mwombe mkuu wa kituo akukutanishe na mama wa mtoto yule mwingine, mwende kliniki leo hii. Huko wataulizia afya zenu na dawa mnazotumia, na kuamua kama kuna haja ya vipimo.

Majina andika, wala usiombe radhi. Dada mwenye watoto tele, wawili wanalia na mmoja kajisaidia, atakumbukaje chupa ya bluu ni ya nani, na wote mmezinunua Kariakoo? Bandika plasta nyeupe ya duka la dawa, andika kwa maka peni, kisha pitisha selotepu juu yake maji yasiifute. Weka majina mawili, maana kina Ibrahim hawaishi, na chini yake tarehe na saa ulipokamua. Saa hiyo ina kazi: maziwa hukaa saa nne tu kwenye joto lisilozidi nyuzi 25, na Dar joto hilo tunalipita mchana kutwa. Yapeleke kwenye kibebeo chenye barafu, yaingie friji moja kwa moja. Yanayobaki mtoto akishanyonya yamwagwe ndani ya saa mbili.

Tatizo ni kwamba chupa ikioshwa hufumuliwa: chuchu kando, pete kando, kifuniko kando. Vikikaushwa beseni moja na vya wenzake, dada ataunganisha kilicho karibu na mkono. Pete na kifuniko utaviandika, lakini chuchu inaingia mdomoni, haiandikwi. Kwa hiyo peleka chupa moja kwa kila mlo. Ikishatumika isuuzwe, ifungwe, irudi begini. Kuosha na kuchemsha ufanye mwenyewe nyumbani. Au mzoeshe mtoto kikombe kidogo, ambacho hata wataalamu wa afya hukipendelea kwa kuwa ni rahisi kukisafisha.

Mama mkwe mheshimu, lakini hili usimwachie. Mwombe mkuu wa kituo alifanye kanuni ya watoto wote. Likiwa la wote, nani ataitwa mwenye maringo? Dada naye mwambie, "Nimeandika usipate shida ya kukumbuka." Na kama kazini si mbali, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa hadi saa mbili za kunyonyesha kwa siku wakati wa kazi. Zidai.

Chupa zikibadilishana tena baada ya haya yote, tafuta kituo kingine.