Muziki wa kuamshia mwili

Swali: Asubuhi mimi huamka mzito, hata kahawa hainisaidii. Nimeshauriwa nisikilize muziki wa klasiki, lakini niliousikia ulinizidishia usingizi. Nianze na upi?

Jibu: Bila shaka ulipewa ule wa kubembelezea watoto. Anza na utangulizi wa opera ya Ruslan na Lyudmila, ya Mrusi Mikhail Glinka, iliyooneshwa kwanza St. Petersburg mwaka 1842. Ni dakika 5 hivi tu, na fidla zinakimbizana tangu mwanzo. Ukiuzoea, nenda sehemu ya mwisho ya Simfonia ya 7 ya Beethoven, iliyopigwa kwanza Vienna mwaka 1813. Humo mdundo unang'ang'aniwa mpaka mguu uanze wenyewe kugonga sakafu. Sauti iwe juu kidogo, majirani watavumilia. Usiku usiiguse simfonia hiyo, utakesha.