Akaunti ya Benki kwa Kampuni Ndogo: Uliza Kwanza Fedha Zako Zinatembea Vipi

Tangu tulipoandikisha kampuni yetu ya watu watatu, ya kuleta vikapu vya Iringa na vitenge na kuviuza hapa Uingereza, swali ninaloulizwa sana kwenye mikutano ya chama si la soko wala la ushuru. Ni hili: "Mmefungua akaunti benki gani?" Jibu langu huwaudhi jamaa, kwa sababu nami huwauliza fedha zao zitaingia vipi na zitatoka kwenda wapi. Bila kujua hilo, kumtajia mtu jina la benki ni sawa na kumtajia dawa kabla hajasema anaumwa nini. Mimi ndiye mweka hazina wa hiyo kampuni, na uhasibu ndio niliousomea, hivyo mhariri amenipa ukurasa huu nieleze.

Tuanze na makaratasi. Kama uko hapa kwa viza ya mwanafunzi, masharti yake hayakuruhusu kujiajiri wala kuendesha biashara. Zile saa za kubeba maboksi kwa mwajiri ni ruhusa nyingine kabisa. Mwenye viza ya Graduate, ile iliyoanza Julai 2021, anaweza kujiajiri. Litazame hilo kabla hujaenda benki.

Pili, kwa nini usitumie tu akaunti yako ya kila siku? Kampuni ambayo jina lake huishia na Ltd ni mtu mbele ya sheria, mbali na wewe mwenyewe. Jambo hili lilikatwa mzizi mwaka 1896 katika kesi ya Salomon, mtengeneza viatu wa London, pale mabwana wa House of Lords waliposema kampuni si yeye hata kama karibu hisa zote ni zake. Fedha za kampuni basi si zako mpaka zikutoke kwa njia halali: mshahara, gawio, au kulipwa deni unaloidai. Ukizichanganya na hela za chakula na kodi ya chumba, mwisho wa mwaka mhasibu atakutoza saa nyingi za kuzitenganisha, na HMRC nao watakuwa na maswali. Isitoshe, masharti ya akaunti binafsi kwa kawaida yanakataza matumizi ya biashara. Na tangu 2020 benki za hapa zilipoanza kulinganisha jina la mlipwaji na namba ya akaunti, mteja akiandika jina la kampuni halafu akaunti ikawa na jina lako, simu yake inamwonya kwamba majina hayafanani. Mteja mpya akiona hivyo anakimbia, na mimi simlaumu.

Sasa tuje kwenye lenyewe. Siku hizi kuna benki, na kuna kampuni zinazofanana na benki. Zote zina kadi nzuri, zote zina programu ya simu, na nyingine zinafungua akaunti ndani ya siku moja. Tofauti iko pale zinapoanguka. Fedha iliyo katika benki yenye leseni inalindwa na mfuko wa FSCS: kuanzia 2017 kiwango kilikuwa pauni 85,000, na Desemba 2025 kikapanda kuwa pauni 120,000. Kampuni ya Ltd ina kiwango chake, mbali na chako wewe. Lakini mfanyabiashara binafsi asiyeandikisha kampuni, fedha zake za biashara na za nyumbani katika benki hiyo hiyo huhesabiwa pamoja. Kwa upande wa pili, taasisi za fedha za kielektroniki haziko chini ya ulinzi huo. Zinatakiwa kutenga fedha za wateja mahali salama, jambo ambalo ni zuri, ila zikianguka unaweza kungoja muda mrefu, na gharama za kufunga hesabu zinaweza kukatwa humo humo.

Haya si maneno ya kutishana. Juni 2020 kampuni ya Wirecard ya Ujerumani ilikiri kwamba euro bilioni 1.9 hazionekani. Tarehe 26 ya mwezi huo mamlaka ya FCA ikaisimamisha kampuni yake tanzu ya hapa Uingereza, na wateja wa programu kadhaa zilizoitegemea wakakuta kadi hazifanyi kazi. Zilirudi baada ya siku chache. Lakini siku chache hizo kama ndizo za kulipa mishahara, je? Kwa hiyo kabla ya kujaza fomu, ingia kwenye rejesta ya FCA, andika jina la hiyo taasisi, usome kama ni benki au la. Ni kazi ya dakika tano. Mtaji wetu sehemu yake ilitoka kwa mama wa mwenzetu, mwalimu, aliyekopa SACCOS ya walimu wenzake. Huwezi kumpigia mama simu Morogoro ukamweleza habari za taasisi za kielektroniki.

Baada ya usalama, makato. Matangazo yanapiga kelele "bure", na bure hiyo mara nyingi ni ya mwaka mmoja au zaidi kidogo, au ni ya ada ya mwezi tu. Chukua kalamu. Tuseme akaunti ya kwanza haina ada ya mwezi ila inakata asilimia 1 ya fedha taslimu unazoweka. Ya pili inatoza pauni 8 kwa mwezi na asilimia 0.5 ya taslimu. Anayeuza gulioni Jumamosi na kuweka pauni 2,000 taslimu kwa mwezi atalipa pauni 20 kwenye ya kwanza na 18 kwenye ya pili. Anayeweka pauni 500 atalipa 5 kwenye ya kwanza, na 10.50 kwenye ya pili. Ya "bure" imekuwa ghali kwa mmoja na rahisi kwa mwingine. Uliza pia hizo taslimu utaziweka wapi, maana benki za kwenye simu hazina matawi, na zinazopokea taslimu hukutuma Post Office au dukani kwenye PayPoint. Anayelipwa kwa kadi na uhamisho tu asisumbuke na habari hii.

Panapouma zaidi kwa sisi watu wa Afrika Mashariki ni kutuma fedha nyumbani kwa wauzaji. Wengi hutazama ada ya kutuma na kuishia hapo. Tuseme kiwango cha soko ni shilingi 3,300 kwa pauni, na benki yako inakupa 3,200. Ukituma pauni 3,000 umeacha shilingi 300,000 njiani, na hazikuandikwa popote kwenye karatasi ya ada. Kwa hiyo siku unayolinganisha, chukua kiasi kile kile, saa ile ile, uliza kila mmoja: "Muuzaji wangu atapokea shilingi ngapi mkononi?" Swali hilo moja linatosha. Sisi fedha kuu tumeziweka benki, na za kutuma tunapitisha kwenye taasisi ya uhamisho siku ile ile ya kutuma, hazilali huko.

Halafu jiandae kuhojiwa. Chini ya kanuni za 2017 za kuzuia utakatishaji wa fedha, benki lazima ijue nani anamiliki zaidi ya asilimia 25 ya kampuni, na fedha zinatoka wapi. Ukiandika "Tanzania" au "Kenya" kwenye fomu, maswali yanaongezeka. Uganda iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF mwaka 2020 ikatolewa 2024. Tanzania iliingia Oktoba 2022 ikatoka Juni 2025. Kenya iliingia Februari 2024. Orodha hiyo haikatazi biashara, lakini ofisa aliye mezani huona kazi imeongezeka. Usimnunie. Mpe ankara za wauzaji, karatasi za forodha, na maelezo ya nusu ukurasa: tunanunua nini, kwa nani, mara ngapi kwa mwaka, kiasi gani. Sisi maelezo hayo tuliyaandika kabla hatujaulizwa, na akaunti ikafunguliwa ndani ya wiki mbili. Benki nyingine ilitukataa bila kutoa sababu, na hiyo nayo hutokea.

Suala la sahihi ndilo watu wanaona haya kulizungumza, hasa marafiki. "Sisi ni ndugu bwana, tunaaminiana." Sawa, ila uliza kama akaunti hiyo inaruhusu malipo yaidhinishwe na wakurugenzi wawili. Akaunti nyingi za haraka zinampa mtu mmoja funguo zote, na huyo akiugua au mkikosana, kampuni imekwama. Kwetu malipo yanayozidi pauni 500 yanataka watu wawili, na ndicho kilichotufanya tuache akaunti mbili zilizokuwa na bei nzuri zaidi.

Mwisho, benki inaweza kukufunga. Mwaka 2013 Barclays ilipotaka kuacha kampuni za kutuma fedha, Dahabshiil ya Wasomali ilibidi iende Mahakama Kuu kupata zuio. Wewe mwenye vikapu hutakwenda Mahakama Kuu, lakini kampuni ndogo inaweza kulalamika kwa Financial Ombudsman bila malipo. Kwa kawaida notisi ya kufungiwa ilikuwa miezi miwili, na kanuni za 2025 zimeifanya siku 90 kwa mikataba inayofungwa kuanzia tarehe 28 Aprili 2026. Ndani ya muda huo lazima uwe na pa kwenda, kwa hiyo fungua akaunti ya pili, isiyo na ada, katika benki nyingine kabisa. Yetu tunaiwekea kodi ya stoo ya mwezi mmoja na bima, basi.