KCSE: Alama Hupatikana Wapi, na Nafasi ya Chuo Hutolewa Vipi

Wanafunzi wawili wanaweza kupata gredi ya B+ katika KCSE, mmoja akaitwa kusomea kozi aliyoitamani na mwenzake akaikosa. Jambo hili huwakanganya wazazi wengi kila matokeo yanapotangazwa, ilhali hesabu yake si ngumu.

Gredi ya jumla hutokana na masomo saba. Tangu mtihani wa mwaka 2023, Hisabati huhesabiwa kwa lazima, pamoja na lugha moja (Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya), kisha masomo mengine matano ambayo mtahiniwa amefanya vyema zaidi. A ina pointi 12 na E ina pointi 1, hivyo upeo ni 84. Anayetaka shahada huhitaji angalau C+. Stashahada huanzia C-.

Kupata C+ hakumalizi safari. Shirika la KUCCPS, linalogawa nafasi za vyuo, hutazama pia klasta, yaani masomo manne ambayo kozi husika inayahitaji. Tuseme wanafunzi wawili wana pointi 70 kila mmoja. Wa kwanza ana 46 kati ya 48 katika masomo manne ya kozi yake, na B- katika matatu yaliyobaki. Wa pili ana B katika yale manne, yaani 36, na pointi zake nyingine zimetoka katika masomo ambayo kozi hiyo haiyahitaji. Gredi ni moja, lakini wa kwanza yuko mbele kwa mbali. Ndiyo maana uchaguzi wa masomo kabla ya Kidato cha Tatu haufai kufanywa kwa kufuata marafiki. Anayewazia udaktari hawezi kuacha Biolojia wala Kemia, na anayewazia uhandisi hawezi kukwepa Fizikia.

Sasa, alama zenyewe hupatikana vipi? Walio juu hawasomi tu vitabu. Hujizoeza kujibu mitihani iliyopita kwa saa, kisha hujisahihisha kwa mwongozo wa usahihishaji. Karatasi ya Hisabati ina alama 100 kwa saa mbili na nusu, ambayo ni dakika moja na nusu kwa kila alama. Swali la alama tatu likikushikilia kwa dakika kumi, unakula muda wa maswali mengine. Katika Sehemu ya Pili, mtahiniwa huchagua maswali matano kati ya manane, kila moja alama 10, na dakika chache za kuyasoma yote kabla ya kuchagua hazipotei bure.

Hatua nazo zina alama zake. Aliyeandika jibu peke yake likawa limekosea hapati kitu, lakini aliyeonyesha hatua hupewa alama za zile alizofanya sawasawa.

Katika Kemia, karatasi ya tatu ni ya majaribio na ina alama 40. Katika jaribio la asidi na alikali, msahihishaji huangalia kama jedwali limejazwa lote na kama vipimo vya bureti vimeandikwa kwa idadi moja ya desimali kote. Hizi ni alama ambazo hata mwanafunzi wa wastani anaweza kuzipata, mradi awe ameshika bureti mara kadhaa kabla ya siku ya mtihani. Wazazi wa shule za kutwa wana haki ya kuuliza katika mikutano yao watoto wameingia maabara mara ngapi muhula huu.

Kwenye Insha ya Kiswahili, swali la kwanza ni la lazima na lina alama 20, sawa na lile la kuchagua. Wapo wanaomaliza muda kwenye moja na kuikatiza nyingine.

Mzazi asiyejua Kemia bado ana kazi. Amwachie mtoto saa mbili na nusu Jumamosi, bila kutumwa dukani wala kisimani, afanye karatasi nzima kama aliye ukumbini. Na asitoe hata shilingi kwa wanaouza "karatasi zilizovuja" kwenye simu. Wengi wao ni matapeli, na anayepatikana na udanganyifu hufutiwa matokeo.

Kundi la mwisho la mfumo wa 8-4-4 litafanya KCSE mwaka 2027. Matokeo yakitoka, maombi hufanywa kwenye tovuti ya KUCCPS, ambayo pia huonyesha pointi za klasta zilizohitajika kwa kila kozi katika miaka iliyotangulia. Linganisha pointi hizo na zako kabla ya kujaza chaguo la kwanza.